Kumpigia Ng'ombe Litungu

Mguu wangu wa kulia ulivunjika njiani kati ya Matongo na Nyangoto, nikiwa juu ya bodaboda iliyokuwa inakwenda polepole kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia bodaboda wanadhani nilikuwa nakimbizwa. Hapana! Mbuzi alisimama katikati ya barabara, dereva akamwonea huruma mbuzi, mimi hakunionea. Tukaingia mtaroni. Dereva akainuka anajipangusa vumbi, mbuzi akaendelea kutafuna, na mimi nikabaki pale chini natukana kwa Kikurya na Kiswahili kwa zamu, mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akaniambia, "Pole dada, lakini tukana taratibu. Watoto wanatoka shule."

Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia vidole mpaka chini ya goti, wakasema nisikanyage. Nisikanyage! Mimi kazi yangu ni kusuka nywele, nina saluni yangu ya mabati pale Nyangoto, na nywele hazisukwi kwa kulala. Basi nikafunga saluni, nikafungasha, nikaenda kuugulia kwa mama yangu, kijijini Susuni. Mama alinipokea mlangoni. Hakusema pole. Alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nadhani methali hiyo aliitunza tangu nikiwa mdogo, akisubiri siku ya kuitumia sawasawa, na alipoipata siku yenyewe akaitumia asubuhi, mchana na jioni kama dawa ya kikohozi.

Pale nyumbani wakati ule walikuwa wanaishi watatu: mama, mjomba na ng'ombe.

Mjomba ni mdogo wake mama. Aliwahi kwenda Musoma kutafuta maisha, akaenda machimboni kutafuta dhahabu, na maisha na dhahabu vyote vikamkwepa, akarudi kwa dada yake na blanketi moja na litungu lake. Litungu ni ala yetu ya nyuzi nane, kubwa, imewambwa ngozi ya ng'ombe. Likipigwa linanguruma tumboni mwako kabla hujalisikia masikioni. Mjomba hakuwahi kuoa wala kujenga. Kwetu mwanamume wa umri ule asiye na mji wake husemwa, na yeye alisemwa sana. Watu waliuliza, anafanya kazi gani pale kwa dada yake zaidi ya kumaliza ugali? Jibu lilikuwa ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso, na pembe yake ya kushoto imevunjika. Ndiye pekee aliyebaki. Wenzake walikwisha kwa ada zetu za shule na kwa magonjwa. Ndama wake alikufa akiwa bado ananyonya, na kila anayewajua ng'ombe wa kienyeji anajua maana yake. Bila ndama kumsisimua anabana maziwa, na yakibanwa sana yanakauka. Mama alikuwa ameshakata tamaa. Jioni moja mjomba akakaa karibu na zizi anapiga litungu kwa huzuni, bila sababu yoyote ya kuwa na huzuni maana alikuwa ameshiba, na mama akashangaa kuona maziwa yanadondoka yenyewe chini. Tangu hapo ikawa ndio utaratibu: mama na ndoo, mjomba na nyuzi. Maziwa hayo yalikwenda kwa mama wa chai pale senta, yakarudi yakiwa sukari, sabuni na vocha. Kwa hiyo mjomba alikuwa na kazi. Alikuwa ndama.

Sasa, katika mzigo wangu kulikuwa na kitabu. Mpangaji aliyenitangulia kwenye chumba changu alikiacha, nami nilikuwa nakitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Kilikuwa cha kujifunzia maandishi ya Kichina, kwa Kiingereza chepesi na picha nyingi. Siku za mwanzo nilikidharau. Lakini mtu aliyelazwa ndani atasoma chochote, na nilipomaliza kusoma maelezo ya dawa zangu zote na gazeti lililofungiwa dagaa, nikakifungua.

Jamani! Nilikuwa nadhani yale maandishi ni vikwaruzo tu, kama kuku kapita. Kumbe kila herufi imejengwa kwa vipande, na kila kipande kina maana yake, kama mji unavyojengwa kwa nyumba, ghala na zizi. Ukivijua vipande unaibomoa herufi na kuijenga tena. Huu hapa mti: 木. Miti miwili ni kichaka. Miti mitatu ni msitu. Nikacheka peke yangu kitandani. Mtu akisimama ubavuni mwa mti, hivi, 休, maana yake ni kupumzika. Nikainua kichwa nikachungulia dirishani, na mjomba huyo hapo, ameegemea mkaratusi, kofia imeshuka mpaka puani. Herufi nzima imesimama uani!

Nikaanza kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na ukuta ulipojaa nikahamia kwenye hogo langu kwa kalamu ya wino. Mbuzi mwenye neno "kubwa" chini yake ni uzuri, na hilo halikupingwa na mtu yeyote Susuni. Mwanamke na mtoto ni wema. Mama alipinga kidogo, akaniangalia mimi na mguu wangu, akasema inategemea mtoto gani.

Tatizo lilianzia kwenye herufi ya nyumbani: 家.

"Hii ni nini?" mama akauliza, mwiko mkononi.

"Nyumbani. Hili la juu ni paa, na chini ya paa ni nguruwe."

Mwiko ukawekwa chini. "Nguruwe? Ndani? Na ng'ombe yuko wapi?"

Nikafungua kurasa. Ng'ombe chini ya paa alikuwepo: 牢. "Hii zamani ilikuwa zizi," nikasema. "Siku hizi maana yake gereza."

Mama akachungulia nje. Ng'ombe wetu, kwa hofu ya wezi, alikuwa analala kwenye kibanda cha mabati kilichogusana na ukuta wa chumba cha mama, mlango umefungwa kwa mnyororo. "Yaani nguruwe akilala ndani ni nyumbani, ng'ombe akilala ndani ni gereza."

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kitabu hicho kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuibiwa," akasema, akachukua mwiko wake. Fundi cherehani mmoja wa Tarime, Mwislamu, rafiki wa familia tangu zamani, alikuja kunipa pole wiki hiyo. Nilipomweleza ile herufi ya nyumbani alisema "Astaghfirullah", akaomba kiti chake kisogezwe mbali na ukuta. Chai yake alinywea nje.

Aliyemaliza ubishi ni ng'ombe mwenyewe, akiwa peke yake, bila paa: 牛. Mama alipomwona tu akasema, "Huyu ni wetu."

"Umejuaje?"

"Si ana pembe moja? Ukimtazama usoni ndivyo alivyo."

Nikaangalia. Kweli kabisa, pembe moja imechomoza, upande uleule. Tangu siku hiyo mama akawa mwanafunzi wangu, ingawa ukimwambia hivyo atakuzaba kibao.

Alichopenda zaidi ni yale maneno ya kuunganisha, pale herufi mbili zinapooana zikazaa neno jipya. Umeme na maneno, ukiweka pamoja, ni simu. Umeme na ubongo ni kompyuta. Moto na gari ni treni. "Moyo mdogo" maana yake kuwa mwangalifu. Na hili ndilo lililotuua kwa kicheko: "kupuliza ng'ombe" maana yake kujisifu. Mama aliyashika yote akayatumia siku hiyohiyo. Mjomba akikaribia kukanyaga maharage yaliyoanikwa: "Moyo mdogo, wewe!" Mjomba akisimulia jinsi alivyobakiza shubiri moja tu kuifikia dhahabu: "Anapuliza ng'ombe huyo." Majirani walidhani ni Kikurya cha ukoo wetu.

Haya. Kitabu kilikuwa na ukurasa wa misemo ya herufi nne nne, na jioni moja nikafuta kipande cha ukuta nikauandika mmoja. Herufi ya kwanza ni kuelekea, kuwa mbele ya kitu. Ya pili ng'ombe. Ya tatu ni kupiga nyuzi kwa vidole, imejengwa kwa upinde. Ya nne ni ala ya nyuzi, na hiyo ni tamu kuijenga, maana ni wafalme wawili wamekaa juu ya neno "sasa". Mjomba akaja akasimama nyuma yangu. Ng'ombe alimtambua mara moja kwa pembe.

"Na huyu wa mwisho?"

"Hiyo ni ala ya nyuzi. Kama litungu."

Akazisoma kwa kidole, moja moja, midomo inacheza. Halafu akapiga ukelele ambao uliwatoa kuku jikoni. "Mbele ya ng'ombe, piga litungu! Dada! Dada, njoo! Nimeandikwa!"

Mama akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Mjomba alikuwa anacheza pale mbele ya ukuta, mtu mzima yule, mabega yanaruka, anasema Wachina wanamjua, Wachina wana akili sana, amewahi kusema Wachina wana akili. Sijui ni muda gani ulikuwa umepita tangu mtu yeyote amsifie kwa jambo lolote.

Siku hiyo mguu ulikuwa unaniwasha ndani ya hogo, mahali ambapo hata kijiti cha ufagio hakifiki. Mtu anayewashwa mahali asipoweza kujikuna hana utu. Nikasema, "Mjomba, kaa chini. Hiyo maana yake ni kazi bure. Ni kama sisi tunavyosema kumpigia mbuzi gitaa. Unaongea na asiyesikia."

"Mbuzi sawa," mjomba akasema. "Mbuzi hana adabu. Lakini ng'ombe?"

"Ng'ombe vilevile! Hilo wenzetu walilijua tangu enzi za mababu zao. Maziwa yanatoka kwa mikono ya mama. Wewe unampigia tu ngozi ya bibi yake."

Hilo la ngozi ya bibi yake halikuwemo kitabuni. Nililiongeza mwenyewe, na mpaka leo naona lilikuwa zuri.

Mjomba akaugeuzia ukuta mgongo. Alichukua litungu, akalifuta kwa kiganja, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, akalala na kofia usoni. Asubuhi nilimwambia, "Shikamoo mjomba." Kimya. Nikarudia kwa sauti, nikidhani hajasikia. Akapiga mswaki wake huku anaangalia milima ya Kenya. Kwetu mkubwa asipoitikia shikamoo si mchezo. Ni kama amekufungia mlango na wewe uko nje na mvua inakuja.

Jioni mama akaenda na ndoo. Ng'ombe akasubiri. Mama akakamua, hakuna kitu. Ng'ombe akageuza kichwa upande ule anaokaa mjomba, akaona kigoda kitupu, akaipiga ndoo teke ikaenda mpaka kwenye mihogo. Kesho yake hivyohivyo. Mama akaja mlangoni kwangu, nguo imelowa mavi ya ng'ombe, akanyoosha kidole.

"Wewe ndiye Mchina. Kakamue."

Nikajaribu, jamani, asije mtu akasema sikujaribu. Nilitafuta sauti ya litungu kwenye simu, nikaiweka karibu na sikio la ng'ombe. Akainusa, akailamba, mate yakaingia kwenye spika na mpaka leo simu hiyo inaongea kama mtu mwenye mafua. Nikamwimbia nyimbo za kwaya, akanigeuzia makalio. Nikasimama mbele yake kwa magongo yangu nikamsomea herufi, mti, kichaka, msitu, kwa sauti ya kubembeleza, akafumba macho nikafurahi, kumbe analala. Mama alikuwa amekaa pembeni na ndoo yake tupu. "Anapuliza ng'ombe," akasema, na safari hiyo hakucheka.

Nikamwendea mjomba. Sikumwomba msamaha, nilimweleza tu kwamba ng'ombe ana matatizo na kwamba mwanamume mwenye roho nzuri angekwenda kupiga.

"Mimi sifanyi kazi bure," mjomba akasema. "Imeandikwa."

Mama wa chai akaanza kuchukua maziwa kwa jirani. Siku iliyofuata mama alikaa jikoni bila kuwasha moto, akasema bila kumtazama mtu, "Ng'ombe akikauka ni nyama. Siku ya mnada anakwenda." Hapo mjomba akatoka na blanketi lake, amelikunja vizuri. Akasema ng'ombe akienda na yeye anakwenda, maana atabaki pale akiitwa nani? Ana binamu yake kule Mugumu anayetafuta mtu wa kulinda mahindi yasiliwe na tembo.

"Na tembo nao utawapigia litungu?" mama akauliza kwa ukali.

"Kuhusu tembo hawajaandika kitu," mjomba akajibu kwa upole kabisa.

Nilikuwa nimekuja pale na mguu mmoja mbovu, na sasa kwa maneno yangu nyumba yote ya mama ilikuwa inaondoka: ng'ombe kwenda buchani, mjomba kwenda kwa tembo. Mama angebaki na mimi na kitabu. Nilimwonea huruma mno mama yangu.

Siku ya mnada tukaenda wote. Mama mbele na kamba ya ng'ombe, mjomba nyuma na litungu mgongoni na blanketi kwapani, kwa sababu gari la kuelekea Mugumu angelipandia hukohuko, na mimi juu ya bodaboda, hogo limetangulia mbele kama mdomo wa bunduki. Dereva alikuwa yuleyule. Nilimwambia akimwona mbuzi leo afunge macho.

Wanunuzi walizunguka, wakampapasa ng'ombe mgongo, wakamkagua meno, wakataja bei za kumkosea mtu heshima. Mmoja akaja, mwanamume wa upande wa Sirari, fimbo kwapani, akamsalimu mama vizuri, shikamoo mama, akamtazama kiwele. "Mama, hii ng'ombe iko na maziwa ama ni hadithi? Kama iko na maziwa, mimi nachukua ya kufuga. Kama haina, hiyo ni ya buchari."

"Ana maziwa," mama akasema.

"Basi kamua nione."

Mama akainama na ndoo. Akakamua, akakamua. Ng'ombe akabana miguu na kuangalia mbali. Yule mwanamume akatingisha kichwa, akamwita mwenzake, wakaanza kuongea kilo. Mama alibaki ameinama vilevile, hakutaka kuinuka, na nikaona kidevu kinamcheza. Mama yangu! Kwenye msiba wa baba hakulia, alikuwa anasimamia chakula.

Sijui nilichofikiria, nadhani hakuna. Nilimrukia mjomba kwa magongo yangu, nikalichomoa litungu mgongoni mwake, nikakaa juu ya gunia la chumvi la mtu, nikanyoosha hogo langu mbele ya mnada mzima na kuanza kupiga.

Nasema kupiga kwa sababu sina neno jingine. Nilikuwa navuta nyuzi kama mtu anayenyonyoa kuku. Watu wakaja. Kwanza walitazama mguu wangu, umejaa maandishi meusi kutoka kidole mpaka goti, na mwanamke mmoja akamvuta mwanawe nyuma, akanong'ona, "Mganga huyo." Yule mnunuzi wa Sirari akarudi nyuma kabisa. "Hii ni dawa mnafanya? Mimi ni mtu wa kanisa." Halafu mzee mmoja akapaza sauti, "Leo tumeona kwa macho! Tulikuwa tunasikia tu kumpigia mbuzi gitaa!" Mnada mzima ukacheka. Wauza nyanya waliacha nyanya. Ng'ombe wetu naye akajivuta mpaka mwisho wa kamba, mbali na mimi, masikio yamelala nyuma. Nikaendelea. Machozi yalikuwa yananitoka, nikaendelea tu, kwa hasira, kwa sababu mimi nikianza jambo la kijinga siliachi nusu.

"Unalikaba!" Ilikuwa sauti ya mjomba. Blanketi lilikuwa limemdondoka. "Litungu halikabwi! Toa mkono! Toa mkono huo, utaniulia nyuzi!"

Akanipokonya. Akanitoa kwenye gunia kwa kiuno, akakaa, akakaza uzi mmoja, akasikiliza, akakaza mwingine. Watu walikuwa bado wanacheka. Akaanza kupiga ule wimbo wake wa kila jioni, ule wa huzuni ya mtu aliyeshiba.

Nilimwangalia ng'ombe. Sikio moja likageuka. La pili likageuka. Akaacha kuvuta kamba, akashusha pumzi ndefu, akaja hatua kwa hatua mpaka pua yake ikawa karibu na goti la mjomba, akasimama hapo. Mama akaburuta ndoo kwa mguu, akainama. Tukasikia maziwa yanapiga chini ya ndoo, chwaa, chwaa. Kicheko kikaisha. Yule mzee wa mbuzi na gitaa akavua kofia, sijui kwa nini.

Ndoo ilipoanza kufanya povu, mnunuzi wa Sirari akasogea, ukanisa umemwisha. "Mama, nachukua. Taja bei yako, sibishani." Halafu akamwangalia mjomba, akakuna kidevu. "Na huyu mzee wa nyuzi, anakuja pamoja na ng'ombe ama ananunuliwa kando?"

Hakuwa anatania. Watu wakamtazama mama. Mjomba naye akamtazama, vidole vimesimama juu ya nyuzi.

Mama akainuka na ndoo yake. "Hauzwi," akasema.

"Nani? Ng'ombe ama mzee?"

"Hawauzwi wote wawili. Hao ni wa nyumbani."

Akafungua kamba, akageuka, akaanza kuondoka bila kumuaga mtu. Mjomba aliokota blanketi lake, akalikung'uta, akamfuata. Alikuwa anatembea kifua mbele na anajipangusa macho kwa blanketi, na watu walimpisha njia. Gari la kuelekea Mugumu lilipiga honi, hakugeuka.

Nilimwambia dereva wangu aende taratibu nyuma yao. Tulikwenda mwendo wa ng'ombe mpaka karibu na nyumbani, mjomba akasimama akanisubiri.

"Marahaba," akasema.

"Marahaba ya nini?"

"Ya asubuhi. Na za siku zile zote."

Jioni hiyo maziwa yalijaa tena. Mjomba alipomaliza kupiga, akaja jikoni, akaweka litungu miguuni pangu na msumari juu yake. Akataka nichome zile herufi nne kwenye mti wa litungu, palepale mbele, watu wazione.

Nikamtazama nione kama ananichokoza. "Mjomba, maana yake haijabadilika. Bado ni kazi bure. Bado wanasema ng'ombe hasikii."

"Najua," akasema. "Andika."

Nikaupasha msumari moto kwenye makaa. Nikachoma kuelekea, nikachoma ng'ombe na pembe yake moja, nikachoma upinde. Mjomba alikuwa ameinama juu ya bega langu, anakagua kila mstari. Nilipofika kwa wafalme wawili akaniambia niwaandike wakubwa, wasikae kwa kubanana.

"Waliosema hivyo si waongo," akasema. "Walikuwa hawajui kupiga."